Hundi za Petrona

Oakland, California
9 Novemba 2023

Mpendwa mpwa wangu Eulalio,

Kosa la wengi wetu tukifika huku ni kudhani kwamba kumwamini mtu na kuandikisha mali yako kwa jina lake ni jambo moja. Nitalieleza, ila kwanza nikujulie hali. Mikono inaumaje baada ya kukata kuku kutwa? Mimi kifua kinanisumbua tangu baridi ianze, lakini natembea.

Mama yako ameniambia kwamba hundi zako zote unamkabidhi baba yako wa ubatizo, aziweke kwenye akaunti yake kwa kuwa yeye ana karatasi za kuishi huku. Nilipokupigia simu ulicheka: "Mjomba, benki ni ya watu wanaovaa tai! Mimi nanuka kuku." Mimi sikucheka.

Unamkumbuka Petrona, jirani yetu wa kule nyumbani, Todos Santos? Huku anaosha vyombo hotelini. Kwa miaka mitatu Anselmo, baba wa ubatizo wa binti yake Catarina, alimwekea hundi zake. Petrona hakuomba hata kipande cha karatasi, maana kwetu kumdai hati mtu aliyembeba mwanao kanisani ni kumtusi. Zilikuwa fedha za kumlipa wakili wa kumtetea Catarina, maana binti huyo alikuwa ameomba hifadhi ya ukimbizi.

Anselmo hakuiba hata senti. Mwezi Agosti alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka, akafa.

Nilimsindikiza Petrona benki, nimtafsirie. Karani alikuwa na huruma, lakini akaunti ilikuwa imefungwa mpaka mrithi athibitishwe mahakamani. Mrithi ni mwana wa Anselmo, yuko Texas. Tukampigia.

"Mama, jina ni la baba, pesa ni za baba. Una risiti?"

"Nina mikono hii. Njoo uitazame!"

Kijana akakata simu.

Catarina alisimama mbele ya hakimu bila wakili. Wiki iliyopita wamemrudisha Guatemala.

Sikuambii umshuku baba yako wa ubatizo. Mheshimu, mpelekee tamale, ile mikate yetu ya mahindi. Lakini sheria ya huku haijui ubatizo. Inasoma jina tu. Nimeuliza: chama cha akiba na mikopo cha hapo mjini kwako kinapokea pasipoti ya kwetu, hakiulizi kibali cha kuishi, na yupo mama anayesema Kihispania.

Mke wangu Micaela anakusalimu. Nisalimie mkeo Juana na mdogo wako Fermín. Mungu akukinge na visu vya kiwandani.

Mjomba wako asiyechoka kukupenda,
Nicanor

Leo hii, ukitoka zamu, chukua pasipoti yako ukafungue akaunti kwa jina lako mwenyewe.