Zamu ya Almut

Ohlendamm,
Ujerumani Magharibi,
21 Aprili 1985.

Mpendwa mdogo wangu Natalie,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako ambaye bado anapumua na bado anasema sana. Hamjambo huko Manitoba? Jicho lako lililopasuliwa linaonaje sasa? Usiliamini mapema, acha ushonaji mpaka daktari aseme. Na kifua cha Gustav? Mpake mafuta ya bata bukini hata akikataa. Wanaume wa ukoo ule walizaliwa wakikataa dawa.

Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto limeamua kuzeeka kabla yangu, lakini kabichi ya pipani imetufikisha mpaka masika na viazi vya kwanza viko ardhini. Binti yangu Gerda ni mzima wa mwili. Amenuna tu, na sababu utaisoma humu. Mwandiko wangu utauvumilia. Wenzetu walipokuwa wanapelekwa shule, wewe na mimi tulikuwa tunasombwa na mfalme wa Urusi kwenda Siberia, na herufi nilizo nazo nilizikwapua mwenyewe kwenye kitabu cha nyimbo za kanisani.

Barua yako nimeipata. Unaomba picha ya Eckhard mjukuu wangu, ile aliyopigwa bungeni, mpate kuitundika ukumbini kwenye kanisa lenu, chini yake mwandike kwamba ni mtoto wa ukoo wetu na ni mbunge wa taifa. Natalie, picha ninayo. Siitumi. Kaa kitako nikwambie kwa nini, na usinikasirikie kabla sijamaliza.

Unajua Eckhard aliingia bungeni kwa chama cha watu wa mazingira, hawa tunaowaita watu wa alizeti. Siku ya kwanza waliingia bungeni Bonn na vyungu vya maua mikononi, wanaume kwa wanawake, wengine wakafuma sweta humo humo ndani huku mawaziri wanahutubia. Sweta aliyovaa Eckhard niliifuma mimi. Kijiji kizima kilicheka, mimi nikajisikia nimekwenda Bonn kwa miguu yangu.

Sasa hawa watu wana kanuni yao, na ndiyo iliyonifanya mimi, niliyeona wafalme, madikteta na makomisaa, niwapigie kura. Walisema kiti cha bunge kinamharibu mtu akikikalia sana. Kwa hiyo kila mmoja atakaa miaka miwili, nusu ya muda, kisha atasimama ampishe mwenzake amalizie. Na yule mwenzake hangoji nyumbani. Tangu siku ya kwanza anafanya kazi ofisi moja na mwenye kiti, anajifunza, ili siku ya zamu yake asiwe mgeni. Wa Eckhard ni Almut Behrens, yule mtoto wa kwa Behrens ng'ambo ya mfereji. Wewe ulimjua bibi yake, yule aliyetugawia blanketi tulipofika hapa na mkokoteni tukikimbia vita.

Eckhard aliapa. Sikusimuliwa na mtu, nilikuwepo, katika ukumbi wa dansi wa Harms. Alisimama na Almut, wakainua mikono, akasema, "Miaka miwili mimi, miaka miwili Almut." Watu wakapiga makofi mpaka glasi za bia zikalia.

Mimi kanuni hiyo niliielewa mara moja kwa sababu ya tanuri. Unakumbuka kule kwetu Volhynia, chini ya Urusi, tanuri lilikuwa moja kijiji kizima, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kuoka? Ukichelewa kutoa mikate yako, unga wa mwenzako unaumuka, unafurika, unachacha, na watoto wake wanakula uchachu wiki nzima. Hakuna aliyesema, "Mimi ni mwokaji bora kuliko wewe, ngoja nioke mara mbili." Angesema hivyo, mama yetu angemtia kichwa humo tanurini.

Basi miaka miwili ilikwisha mwezi wa tatu. Natalie, Eckhard hajasimama.

Alikuja Pasaka. Nilimpikia supu ya bitiruti anayoipenda, nikamwokea keki ya mbegu za mpopi. Amekonda, maskini, na siku hizi anavaa koti la kibwana lenye vifungo vya dhahabu dhahabu. Nilimwacha ale kwanza. Mtu hagombani na mwenye njaa. Alipofuta sahani ndipo nikamwuliza.

"Almut anahamia lini kitini?"

"Bibi, mambo si mepesi hivyo."

"Kuinuka si jambo jepesi? Mimi mwenye goti hili nainuka kila asubuhi."

Akacheka, akanishika mkono. Akaniambia yuko kamati ya misitu, misitu inakufa kwa mvua ya moshi, na muswada uko katikati. Wazee wa vyama vikubwa sasa ndiyo kwanza wameanza kumsikiliza. Akiondoka leo, kila kitu kinaanza upya. Tena Almut ana sauti ndogo, wale mabwana watamla.

Sikatai, misitu inakufa. Misonobari ya nyuma ya makaburi imekuwa kama mifagio. Na sikatai kwamba anaifanya kazi vizuri, nilimsikia redioni nikalia kama mjinga. Lakini nilimwambia, "Hayo ndiyo maneno ya kila aliyewahi kukaa. Na yule mfalme aliyetusomba kwenda Siberia alikuwa na kazi katikati."

"Bibi, unanifananisha na nani?"

"Nakufananisha na wewe uliyeapa kwa Harms. Yule nilimpenda zaidi."

Gerda akapiga meza, akasema mwanawe ameacha ualimu, amekosa mke, halali usingizi, na bibi yake mwenyewe anamtukana juu ya keki. Tangu siku hiyo Gerda ananisemesha kwa kupitia paka. "Mwambie huyo mama chai iko mezani." Paka naye hana msimamo, yuko upande wa mwenye maziwa.

Na Almut je? Huyo ndiye anayenichoma. Aliuza ng'ombe wake wote kwa sababu ya zamu hiyo, maana ng'ombe hawakamuliwi kutoka Bonn. Miaka miwili amekaa chumba kimoja na Eckhard, akimwandalia makaratasi, akijibu simu zake, akila mkate mkavu kwenye treni. Sasa amerudi, yuko kwa shemeji yake anakamua ng'ombe wa watu. Alipita kunipa mayai. Nikamwambia, "Almut, mwanangu, mbona hupigi kelele?" Akasema, "Bibi Adeline, nikipiga kelele watasema nina uchu wa kiti. Nisipopiga watasema nina sauti ndogo. Niambie nishike lipi." Nikampa nusu ya keki.

Usidhani haiwezekani. Tjark, yule mwenye duka la baiskeli, alikuwa mbunge wa bunge la jimbo kule Hannover kwa chama hicho hicho. Mwaka jana zamu yake ilipokwisha alisimama, akampisha mwanamke mmoja mkunga, akarudi kuziba pancha. Mbingu hazikuanguka. Na kuhusu lile shimo la changarawe juu ya visima vyetu, ambamo wanataka kumwaga mapipa ya sumu za viwandani, huyo huyo mkunga aliyeingia juzi ndiye aliyewabana mpaka wakaahirisha. Tjark alilihangaikia muda wake wote, wala hawakumjali. Basi nani kasema mgeni haoki?

Jumapili iliyopita chama kiliitisha mkutano kwa Harms. Nilikwenda na fimbo yangu. Mimi si mwanachama, lakini mikutano yao iko wazi kwa yeyote. Eckhard alihutubia vizuri mno, ana ulimi wa babu yake. Wanaume wakajipanga kumtetea na kumpinga. Na wana kanuni nyingine hawa watu: akisema mwanamume, anafuata mwanamke, hivyo hivyo mpaka mwisho, na wanawake wakiisha, wanaume nao wanangoja. Basi wanawake wakaisha. Almut alikuwa nyuma kabisa, anatazama viatu vyake. Mwenyekiti wao, Wiebke, akiwa na sweta anayoifuma mapajani, akauliza, "Hakuna mwanamke mwingine?"

Nikainua fimbo.

Gerda akaning'ang'ania sketi. "Mama, kaa." Tazama, bila paka.

Nikasema, "Eckhard, nina swali moja. Siku ile ulipoinua mkono hapo uliposimama, ulisema miaka miwili, au ulisema miaka miwili mpaka nitakaponogewa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Bibi, sheria kuu ya nchi inasema mbunge haamriwi na mtu, ila na dhamiri yake tu."

Nikamwambia, "Dhamiri hiyo nimeilea mimi. Nimeifulia nepi. Ilikuwa inajua kupisha watu mlangoni."

Nilipokaa wakapiga makofi, tena si wote. Wakapiga kura, na walio wengi wakamtaka asimame. Si wengi sana, lakini wengi. Eckhard akasikiliza hesabu, akakunja karatasi zake, akasema anawaheshimu, lakini kiti ni chake kisheria na atakikalia mpaka mwisho. Hivyo tu. Ni kweli, Natalie, hakuna wa kumtoa. Serikali haiwezi, chama hakiwezi, mimi siwezi. Walijua hivyo tangu mwanzo, kwamba kanuni yao haina polisi. Ina neno la mtu tu. Ndiyo maana niliipenda.

Almut akatoka kwa mlango wa jikoni. Unajua nani alimshikia mlango? Mzee Lüders, yule wa chama cha wakubwa, aliyekuja kutuchungulia. Akasema kwa sauti wote wasikie, "Mwonja asali haonji mara moja. Karibuni kwetu, watu wa alizeti, sasa sisi ni ndugu." Natalie, nimetukanwa maisha yangu yote kwa lugha nyingi, lakini lile liliniingia. Jibu la kumrudishia, mjukuu wangu ndiye aliyelichukua.

Eckhard alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Alinibeba ngazini kama gunia kwa ajili ya goti, taratibu, kama zamani nilivyombeba yeye. Nilimpa chupa mbili za juisi ya matunda na soksi za sufu, akazichukua. Kwenye mlango akasema, "Umeniaibisha mbele ya watu, Bibi." Nikamwambia, "Ndiyo. Na nitarudia. Vaa soksi, Bonn kuna unyevu." Akaondoka. Simu hajapiga tangu hapo.

Ninachokuomba ni hiki, na ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Mwezi wa sita Eckhard anakuja Kanada na wabunge wenzake kutazama misitu, na atapita kwenu siku mbili. Najua mtakavyofanya. Mchungaji atapiga kengele, kwaya itaimba, Gustav atavaa suti ya arusi, na wote mtamwita mheshimiwa. Msifanye. Mkimpigia kwaya atarudi huku anajua nusu ya dunia inampongeza, na bibi yake mmoja tu ndiye kichaa.

Mpokee kama mtoto wetu. Mkumbatie, ana mgongo unaouma upande wa kulia, mkande. Mpikie, mpikie sana, asikwambie ameshiba. Akimaliza kula, mwulize Almut hajambo. Neno hilo tu, kwa upole, kama unavyouliza mtu habari za mke wake. Kisha nyamaza. Wewe unajua kunyamaza, mimi Mungu alininyima. Mwache asikie jina hilo ng'ambo ya bahari, mahali alipodhani halijafika.

Akikasirika, mwache akasirike. Akilia, usimwambie mtu, na mimi pia usiniandikie. Akisema kwamba dada yako ni mzee mgumu asiyempenda, hapo tu ndipo umjibu. Mwambie chumba chake cha juu nimekipaka chokaa upya, shuka nimeanika, na kitanda kile ni chake mpaka nife na baada ya hapo, wala hakipigiwi kura. Kile kiti cha Bonn ndicho si chake. Mimi nimekizunguka kichwani usiku na mchana nikitafuta njia ya kumpa, maana ni damu yangu, na sijaiona.

Nisalimie Gustav, na mwanao Olga na mumewe Mwukraine, na watoto wao ambao majina yao siwezi kuyaandika. Gerda anakusalimu. Amesema hivyo kupitia paka, lakini amesema. Mungu aliyetuvusha mto ule wa barafu na mkokoteni wetu akuvushe na hili jicho, na mkono wake usiwaache.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa ukali na bila likizo,

Adeline