Mtu Mmoja wa Mwaka Themanini na Nane

Gisenyi, 4 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na magoti yamekupa nafasi ya kutembea hadi sokoni. Mimi ni mzima, ila bado naogopa kila ninapoitwa na mkubwa wangu wa kazi. Unanijua.

Mji umetulia. Mwaka jana watu walijifungia ndani kabla jua halijazama. Sasa maduka ya Mbugangari hayana haraka ya kufunga, na jioni watu wanatembea tena kando ya ziwa. Juzi nilipita uwanja wa mpira. Wamefyeka majani na kusimamisha milingoti mipya ya goli, ya mikaratusi. Nilisimama pale tulipokuwa tukiweka beseni letu la karanga kila Jumapili baada ya misa. Unakumbuka ulivyowaongezea mashabiki wa timu iliyofungwa? "Walioshinda wameshiba tayari," ulikuwa ukisema. Na kaka Vénuste akikimbia mstarini na kibendera chake cha mwamuzi, kaptula imenyooshwa kwa pasi kama karatasi, nasi tukijifanya hatumjui ili watu wasituzomee pamoja na mwamuzi.

Shangazi, nimezunguka vya kutosha. Jumatatu Kayitare alikuja ofisini.

Anataka kucheza tena. Timu ya mji inaundwa upya, wachezaji watalipwa kama zamani, na majina yanapelekwa Kigali tarehe 31 Machi. Kila mchezaji anatakiwa awe na cheti cha tabia njema kutoka komini, ofisi yetu ya serikali hapa mjini, na vyeti hivyo navichapa mimi. Kwa mtu aliyewahi kufungwa, ndugu wa aliyekosewa lazima aandike kwamba hana pingamizi. Ndugu wa Vénuste ni wewe, mama yake.

Nilimwomba katibu wetu, Bwana Bizumuremyi, anitoe katika jambo hili kwa kuwa ni la nyumbani kwangu. Alicheka. "Uwase, gereza limejaa hadi watu wanalala kwa zamu, na wewe unaniletea mtu mmoja aliyekufa kwa ajili ya mpira mwaka themanini na nane? Wakati wa yale mambo ya mwaka tisini na nne Kayitare alikuwa Goma akibeba magunia. Ameua mtu mmoja tu, na miaka yake mitano amekaa. Mwandikie shangazi yako."

Basi nakuandikia. Sikushauri lolote. Wewe peke yako ndiye uliyebaki kwangu, na naogopa kukukosea hata kwa neno. Barua nampa Tuyisenge, anayevuka mpaka kila siku kuuza vitunguu Goma, aikabidhi boti ya Bukavu.

Mwanao,
Uwase


Bukavu, 17 Februari 1999

Uwase mutoto yangu,

Jambo sana. Mi niko, Mungu anasaidia. Magoti iko vile vile, haisikie dawa. Huku mvua inanyesha mpaka tumesahau rangi ya jua. Na we, unakula? Tuyisenge aliambia watu wa boti kama umekonda sana.

Barua yako nilisoma mara mbili. Ambia huyo bwana wa ofisi: mutu moja, ndiyo. Mi nilikuwa na mutu moja. Wengine walizaa kumi, mi nilizaa Vénuste. Na leo hata kumulia iko kazi ya nguvu, juu kila nyumba unaingia inalia watu wengi. Ukisema mutoto yangu alikufa, wanauliza, mwaka gani? Ukijibu, wananyamaza, kama vile umelilia kuku.

Lakini sitamuzuia Kayitare. Nitakuambia sababu, sijakuambiaka hata siku moja. We ulikuwa pale nyuma ya uwanja. Ulisema mbele ya juge wa mahakama kama Vénuste ndiye alianza, alimupiga Kayitare na fimbo ya kibendera kwa uso. Nilikusikia na masikio yangu. Ilinishinda kuamini. Ule mutoto, akigonga mbuzi njiani, anaiomba pardon. Lakini we haukuwa mutoto wa uongo. Donc, kwa hiyo niliamini.

Wiki yenye nilikutuma kwa masista wa Kigoma kusoma, nilipika pombe ya ndizi, nikabeba mutungi kwa kichwa mpaka Nyamyumba, kwa mama yake Kayitare. Nilipiga magoti. Nilimuomba musamaha, juu mutoto yangu alianza na sasa yake iko gerezani. Walikunywa. Jirani wote waliona. Kisha nilishindwa kubakia kule, nikahamia huku.

Karatasi iko ndani ya enveloppe. Nimeandika sina pingamizi. Mutu mwenye alianza ni wangu.

Kula, mutoto.

Shangazi yako,
Mukandutiye


Gisenyi, 26 Februari 1999

Shangazi mpendwa,

Nimepokea barua yako na karatasi. Nashukuru kwamba upo. Leo salamu zangu ni fupi, maana nikizirefusha sitafika ninakokwenda.

Kaka Vénuste hakumpiga mtu.

Nilikuwa nimemfuata nyuma ya ukuta kumpelekea karanga zilizobaki. Bao la Kayitare lilikuwa limekataliwa, na kweli alikuwa ameotea, hata mimi niliona. Vénuste alikuwa ameshakunja kibendera na kukitia kwapani. Alimwambia, "Bao lilikuwa zuri, lakini uliotea, ndugu yangu." Alikuwa akitabasamu. Kayitare alimsukuma akaanguka, akampiga teke la kichwa. Mara tatu. Kwa mguu ule ule ambao mji mzima ulikuwa ukiuimba.

Mahakamani ukumbi ulijaa jezi za kijani za timu yake. Wakili aliniuliza kama si kweli kwamba mwamuzi ndiye aliyeanza. Mtu nyuma yangu alinong'ona, "Ukimfunga Kayitare, utapita wapi katika mji huu?" Nikajibu ndiyo, alianza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nami, nikuambie lote, nilimpenda Kayitare kama kila mtu. Jumatatu wachezaji walipokwenda Nyamyumba kuloweka miguu katika maji moto, sisi wasichana tulitembea mwendo mrefu ili tuwaone tu wakicheka ndani ya mvuke. Hata leo naukumbuka mvuke ule, na najichukia kwamba naukumbuka kwa utamu.

Habari ya mtungi sikuijua. Ningeijua, sijui kama ningesema. Huenda ningenyamaza vile vile.

Jana Kayitare alikuja kuulizia. Ana mvi sasa. Nilimwambia karatasi imefika lakini siwezi kuitumia, kwa sababu iliandikwa na mtu asiyejua ukweli.

"Hajui?" alisema. "Mama aliniambia gerezani kwamba alileta pombe, mambo yakaisha. Nilidhani anajua, na amesamehe."

"Alikuja kuomba msamaha, Kayitare."

"Msamaha wa nini?"

"Wa wewe kupigwa."

Aliketi kwenye benchi la wateja, watu wakimpita na kumsalimia kwa jina la uwanjani. Akasema kwa sauti ndogo, "Nina miaka thelathini na moja. Miguu hii imebakiza msimu mmoja, labda miwili." Kisha akauliza, "Na cheti?"

Karatasi yako nimeifungia kwenye droo. Niambie nifanye nini.

Mwanao, kama bado ninaruhusiwa kuandika hivyo,
Uwase


Gisenyi, 16 Machi 1999

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu, na kukuombea afya. Boti imekuja mara tano bila neno kutoka kwako. Najiambia ni mvua.

Bwana Bizumuremyi ananiuliza kila asubuhi. "Cheti cha Kayitare, namba tisa wetu, kiko wapi? Au unataka mji mzima ukugeuke?" Jumapili nilikwenda kuwatazama wakifanya mazoezi. Kayitare aliupokea mpira kwa kifua, akauacha ushuke taratibu, na watu wakaguna kwa raha kama zamani. Nami niliguna, Shangazi. Kwa dakika moja ilikuwa tena mwaka themanini na saba, beseni la karanga miguuni pangu, na kila niliyempenda akiwa hai. Kisha nikatazama mstarini na kumwona kijana nisiyemjua ameshika kibendera.

Usiponijibu nitaelewa.

Uwase


Bukavu, 22 Machi 1999

Uwase,

Barua zote mbili zilifika. Salamu sina.

Pasua ile karatasi. Niliandika juu ya mutu mwenye alipigwa kwanza, na mutu wa vile hakuna.

Sisemi asicheze. Mpira haiko yangu. Lakini akitaka karatasi ya mukono yangu, akuye huku, akae mbele yangu, aseme na kinywa yake mwenyewe Vénuste alifanya nini na ile kibendera. Siyo kwako. Siyo kwa barua. Boti inatoka Goma siku ya pili na siku ya tano nyuma ya siku ya misa.

Mukandutiye


Gisenyi, 30 Machi 1999

Shangazi,

Maneno yako nilimfikishia Kayitare Ijumaa jioni, boti ilikuwa imeshaondoka. Iliyofuata ni ya leo, Jumanne, na kila mchezaji lazima atie sahihi mwenyewe hapa kesho kabla ya saa sita. Alihesabu siku kwa vidole. "Kwa hiyo nikienda, sichezi," alisema. Nikamwambia ndiyo.

Bwana Bizumuremyi aliijua ile karatasi ya kwanza. "Si ina sahihi yake? Chapa cheti, nani atajua?" Nilikuwa nimeshaichana, nikamwonyesha vipande. Hajanisemesha tangu hapo.

Leo timu ilifanya mazoezi bila Kayitare. Hakuna anayejua alipo. Mimi pia sijui kama amepanda boti au amejificha.

Uwase


Bukavu, 9 Aprili 1999

Uwase,

Kayitare alifika na ile boti, siku ya tatu asubuhi, viatu mukononi, juu mvua iliharibu njia. Sikumupa kiti. Alikaa chini na alisema yote, namna uliandika, na ingine yenye haukuandika. Nilimuuliza neno ya mwisho ya Vénuste, akasema ni "ndugu yangu". Alilia. Mi sikulia. Saa tisa nikamupa ugali na samaki ndogo za sambaza, juu mutu akishinda kwako tangu asubuhi unamupa chakula, hata huyu. Sikumusamehe. Nilimuambia nitajaribu, yeye angoje.

Uliniuliza kama nina pingamizi. Bon, acheze mwaka kesho kama miguu ingali iko. Nimemupa karatasi mupya akuletee. Iandike kwa machine vile iko: mutoto yangu hakupiga mutu, mwenye alimuua amekubali mbele yangu, sina pingamizi acheze. Chini yake andika jina ya shahidi mwenye alidanganya, jina yote, na ya baba yako pia. Ubandike kwa ubao ya komini, kwenye watu wanasoma majina. Najua unaogopa. Andika na woga yako.

Na usikuye huku Bukavu kwa sasa. Yule mwanaume, tangu zamani nilikuwa nangojea kwake mabaya tu. Alipoleta kidogo yenye iko muzuri, nilishangaa. Kwako nilikuwa nangojea muzuri. Kusamehe hiyo inachukua wakati murefu zaidi. Siku nitaweza, nitatuma mutu wa boti akuite.

Mama Vénuste