Darubini Kinamasini

Koboko, Jumamosi, Aprili

Ndege kumi na mmoja tuliowatazama, ndiyo mavuno yetu ya leo. Mwalimu wa baiolojia alitutoa Arua alfajiri, akatulaza kifudifudi kwenye tope la kinamasi na kutukataza kupiga chafya. Elimu ni jambo tukufu.

Nilibeba darubini ya marehemu baba, ile ya jeshini. Nilipaswa kukumbuka kwamba hapa kwetu darubini hubebwa na askari tu. Nilipoiinua kumtafuta korongo, niliwaona wanawake wawili waliokuwa wakikata mafunjo wameinua mikono juu.

"Afande, sisi hapana na kitu!" mmoja akalia. "Bwana yangu iko shamba tu!"

Mimi, afande, na sketi yangu ya shule! Mwalimu alinung'unika kwamba korongo ameruka. Msiba mkubwa kweli.

Nikamwendea yule mwanamke aliyelia. "Mama, tunatazama ndege tu."

"Ndege? Munalala kwa matope sababu ya ndege?"

Nikampa darubini. Hakutazama ndege hata mmoja. Aliielekeza barabarani, akaizungusha polepole mpaka vilimani.

"Hakuna mutu," akamwambia mwenzake, ndipo wakarudi kukata.

Nimeirudisha sandukuni. Sijui baba alikuwa akimtazama nani nayo.