Mwisho wa Filamu ya Mjane

Huancayo, 4 Mei 2009

Mwanangu Yovana,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. U mzima? Kifua kimepoa? Mimi sijambo, ila magoti yananilalamikia kila nikipanda ngazi za soko. Nimekutumia kifurushi kwa basi, viazi vya manjano na jibini. Jibini ule upesi.

Umeniomba tena maoni ya filamu, nami ukinigusa hapo sinyamazi. Unajua kibandani kwangu diski haiuzwi kabla sijaitazama, na mteja akirudisha mbovu nambadilishia bila kumuuliza. Basi, wiki hii nimetazama tatu. Ile ya papa wa ziwani ni upuuzi mtupu. Papa mwenyewe ni plastiki, nimemhurumia. Ya mapadri wawili imenitoa machozi, lakini wanaongea mno, hata Mungu angesinzia. Ya tatu ndiyo filamu: Mjane wa Kituo cha Tatu. Mume aliyedhaniwa amekufa anarudi baada ya miaka kumi, anabisha hodi, mwanamke anashika kitasa, na filamu inaisha hapo hapo. Hatujui kama amefungua. Mwongozaji huyo ana moyo: ametuachia sisi mlango.

Baba yako,
Eleuterio

Lima, 9 Mei

Shikamoo baba,

Kifua kimepona, na viazi nimekula na wenzangu wa chumbani mpaka wakaniuliza kama baba yangu anatafuta mke. Gazetini bado nipo kwa majaribio, napanga barua za wasomaji. Kazi ya kusinzia. Za filamu usiache kuniandikia, baba. Napenda tu kuzisoma.

Binti yako,
Yovana

Huancayo, 23 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima, maana barua hii naiandika wima, hapa hapa stendi, bila hata kofia, ili iwahi basi la saa sita.

Ile filamu ya mjane, usimwambie mtu nilichokuambia. Mwalimu Orihuela amenirudishia diski leo. Aliiona kwenye sinema alipokwenda huko Lima. "Mzee Eleuterio," akasema, "umeniuzia filamu isiyo na mkia!" Kumbe nakala yangu ilikatika, dakika kumi na mbili hazimo. Mwanamke anafungua, wanalia, wanafunga ndoa upya, na bendi inapiga. Upuuzi mtupu! Nami nimeusifu mwisho usiokuwepo kwa soko zima. Uso nimeuficha chini ya meza. Nisamehe.

Baba yako

Huancayo, 13 Juni

Yovana,

Hujambo? Hujanijibu. Jibini ya pili imefika? Kama unaumwa, niambie.

Baba yako

Lima, 28 Juni

Baba,

Siumwi. Ningeumwa ingekuwa afadhali.

Sipangi barua za wasomaji. Tangu Februari nina safu ya filamu gazetini, jina langu juu yake, na maneno ni yako. Papa uliyemhurumia, Mungu kusinzia, yote nimeyaandika kama yangu, na watu wamenisifu. Niliandika pia kwamba mwongozaji ametuachia sisi mlango. Barua yako ya stendi ilifika siku mbili baada ya gazeti kutoka.

Wasomaji walipiga simu wakicheka. Mhariri akaniita mbele ya wote. "Yovana, wewe hii uliitazama wapi?" Ningeweza kusema ukweli, baba, ulikuwa mdomoni. Nikasema mchuuzi mmoja, mwizi, aliniuzia diski mbovu. Akaniambia niandike hivyo hivyo gazetini, niombe radhi. Nikaandika. Neno mwizi nimeliandika kwa mkono wangu. Na kazi ya kudumu wamenipa.

Naona aibu kutia sahihi.

Huancayo, 5 Julai

Mwanangu Yovana,

Salamu. Mimi sijambo, magoti ni yale yale.

Nilijua. Jirani yangu Fortunata hufunga bisi kwa magazeti ya Lima. Mwezi Machi nilimaliza bisi, nikafungua karatasi nilambe chumvi, nikakuta jina lako, na chini yake maneno yangu. Nilifurahi kama mjinga. Nikaanza kuvaa miwani nikitazama filamu, nisikuharibie kazi. Nilikuwa nasubiri tu uniambie. Ndiyo maana siku ile nilikimbia stendi bila kofia.

La mwizi nalo nimelisoma. Siku hiyo Fortunata alinifungia bisi kwa karatasi ya sukari, nikajua kuna kitu. "Mama, nipe gazeti." "Halina kitu, jirani, ni matangazo ya misiba." Nikalichukua. Sikukasirika, mwanangu. Niliona aibu. Diski zangu ni za kunakili bila idhini, na wewe umesomeshwa kwa hizo. Miaka kumi na tisa sokoni hakuna aliyenitamkia neno hilo usoni, hata polisi. Wa kwanza ni wewe.

Sasa umerudi na kitu kibovu mkononi. Sheria ya kibanda unaijua: nabadilisha bila kuuliza.

Wiki hii nimetazama filamu tatu, na moja ni nzuri sana. Hiyo sikuandikii. Njoo mwenyewe nikusimulie. Ukibisha hodi nitafungua, hata kama mwisho wa namna hiyo ni upuuzi mtupu.

Baba yako