Mbwa Wangu Hutapika Nikiendesha Mimi Tu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, kwa sababu jambo hili nimelibeba moyoni miezi minne na hata kaka yangu sijamwambia. Mimi ni mwalimu wa udereva, huu mwaka wa kumi na sita, wanafunzi huniita Mwalimu Breki kwa kuwa usalama kwangu si mzaha, na nyumbani tuna mbwa tunayemwita Mheshimiwa kwa jinsi anavyopenda kusubiriwa, nilimlea kwa chupa tangu hajafumbua macho na nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Shida ni kwamba akipanda gari hatufiki hata mzunguko wa kwanza, ataanza kudondokwa mate, apige miayo, anitazame kwa huruma utadhani mgonjwa ni mimi, halafu anatapika, na mara ya mwisho alitapika ndani ya kola ya shati langu nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu na mwanafunzi wangu wa zamani yuko gari la pembeni ananipungia mkono.

Ningevumilia, mshauri, lakini mamamkwe wangu akiendesha, mbwa huyo huyo, gari hilo hilo, barabara hiyo hiyo, analala fofofo na kukoroma. Mama huyu nilimfundisha mwenyewe nikamfelisha mara tatu kwa sababu anaendesha polepole mno, akaenda shule nyingine akapata leseni wiki ya pili, na tangu hapo habari za magari hatuzigusi mezani. Sasa mwezi ujao tunahamia mji mwingine, mwendo wa saa saba nzima, na mke wangu ameniambia, "Baba watoto, chagua mwenyewe. Ama mama aendeshe wewe ukae nyuma, ama Mheshimiwa abaki kwa jirani, na asibaki kwa muda, abaki moja kwa moja."

Hapa ndipo ninapokiri. Jumamosi iliyopita mama alipokuja kumpeleka mbwa kuchanjwa, nilimlisha Mheshimiwa kwa siri mabakuli mawili ya wali na maini, ili mama naye atapikiwe tuwe sawa. Walirudi mbwa amelala. Mama akanipa funguo nilisogeze gari lisizibe geti, Mheshimiwa bado yumo ndani, nikasogea hatua kumi, mshauri, hatua kumi tu, na wali wote ukanirudia shingoni.

Je, kuna dawa, au huyu mbwa ana chuki na mimi? Siendeshi vibaya. Wanafunzi wangu hushuka kimya wameshika tumbo lakini hiyo ni hofu ya mtihani, na mke wangu hana shida yoyote, miaka kumi na mmoja hunyonya ndimu zake safari nzima wala halalamiki.

Ni mimi, mwalimu asiye na shati.

JIBU

Mwalimu, pole kwa shati. Pole yangu inaishia hapo.

Umemshindilia mnyama maini ili umshinde mama ambaye hata hakujua kuna mashindano. Kamwombe radhi mbwa kwanza, kisha mama.

Sasa sikiliza. Kwa miaka kumi na sita unakaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya pili, ukingoja mtu akosee umkomeshe. Mguu umezoea kukanyaga ghafla, na ukishika usukani mwenyewe unakanyaga vivyo hivyo wakati hakuna aliyekosea. Mheshimiwa hana chuki na wewe. Ana tumbo tu.

Una mwezi mmoja, utumie. Kila siku kaa naye garini injini imezimwa mpaka achoke kuogopa. Baadaye iwashe bila kuondoka. Baadaye tena nendeni mwisho wa mtaa mkarudi, polepole, ndiyo, kama mama. Mpeleke kwa daktari wa mifugo ampe dawa ya safari inayolingana na uzito wake, na vidonge vya binadamu viache kabatini. Siku ya kuhama asile kitu kwa muda wa saa nne kabla ya kuondoka, maji kidogo si neno. Mfunge mkanda wake atazame mbele, dirisha liwe wazi kidogo, na msimame mara kwa mara anyooshe miguu.

Funguo mpe mama, mbele ya mkeo, na useme, "Mama, naomba utuendeshee." Utaona aibu kama dakika tano. Kisha panda nyuma ukae na mbwa wako. Huko hakuna breki, kwa hiyo mguu utapumzika. Uliniandikia kwa sababu hutaki kuachana naye, na hutaachana naye. Mengine yote ni maringo.

Ila fanya jambo moja kabla hamjahama. Chagua siku ambayo hamwendi popote, weka ndimu mezani, uone kama mkeo ataigusa.