Plagi ya Tatu

Kitengela, Jumapili

Kwa Anko Muturi,

Natumaini kifua kimepoa huko Kimuka. Sisi tuko salama. Mtoto wangu Kui ameota jino la kwanza na anauma kila kitu.

Ile pikapu kuukuu ya Mzee Lemayian ilirudi gereji Jumanne, bado inamisi, mlio ukikatikakatika, na kutetemeka. Unakumbuka nilivyosema mbele yake na mafundi wote: "Anko macho yameisha, hii injini aliifunga vibaya." Ulivua ovaroli ukaenda zako, na hujarudi kazini tena.

Safari hii nilifanya ulivyonifunza. Injini ikinguruma, nilichomoa waya za plagi moja moja. Nilipotoa ya tatu, mlio haukubadilika, nikajua hiyo ndiyo haifanyi kazi. Nikafungua hiyo plagi, nikakuta ina ufa.

Anko, niliiweka mimi. Ilikuwa imeniponyoka ikagonga sakafu, nikaipangusa nikaifunga tu. Nadhani hata siku ile nikikulaumu nilijua.

Nilipoweka mpya injini ilitulia. Mzee akafurahi, akasema, "Wewe ni fundi kushinda mjomba wako." Nikajibu asante.

Jana niliwaambia mafundi ukweli. Hakuna aliyecheka. Kisha nikampigia Mzee Lemayian. Akauliza, "Na mjomba wako umemwambia?"

Ndiyo maana naandika. Kwa simu ningeanza kujitetea.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Waruguru