Vidirisha vya Hoyt

Mpendwa Shangazi Ardith, nisaidie, nimemfukuza mwanangu wa pekee kwa sababu ya uvungu wa nyumba, ile nafasi kati ya ardhi na sakafu, naona aibu hata kuandika. Mume wangu Hoyt, aliyefariki miaka minne iliyopita, kila Jumatatu ya Pasaka alitambaa chini ya sakafu kukagua, kisha akafungua vidirisha vyote kumi na viwili vya msingi ili nyumba ipumue kiangazi kizima, kama kila mtu hapa milimani Carolina, na Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, akavifunga, na akitoka na utando wa buibui kichwani aliniambia, "Haya, Verlene, miguu yako salama mwaka mwingine," basi tangu afe navifungua mimi kwa nje, kwa bisibisi yake, ndiyo maongezi yetu yaliyobaki. Sasa sakafu ya jikoni inabonyea, mashuka yananuka ukungu, na binti yangu Janeen akaleta fundi, naye alipotoka huko chini akasema, "Bibi, hivi vidirisha vizibwe kabisa," akanionyesha picha ya boriti ambalo juu yake Hoyt aliandika kila mwaka kwa chaki, na kando ya kila mwaka "pakavu", ila ule wa mwisho, "pana unyevu, nimwambie V.", na sijui kwa nini hakuniambia. Janeen akasema, "Mama, ni matundu tu hayo!" nami nikamjibu, "Unataka kumzika baba yako mara ya pili? Toka!" Akaacha sufuria ya maharage mezani akaondoka, wiki ya sita hii, hapigi, sipigi. Nifanyeje?
Verlene

Verlene dada yangu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikalia, kisha nikakasirika. Umemfukuza mtoto kwa kosa la kutaka mama yake asitumbukie jikoni kwake!

Kuhusu vidirisha usijilaumu. Sote tulifundishwa hivyo, na mimi nilivifungua mpaka maboriti yangu yakaota uyoga. Lakini weka glasi ya chai ya barafu barazani mwezi wa Julai uone inavyotoka jasho. Sakafu yako iliyopozwa na kiyoyozi ndiyo glasi hiyo, nawe kila Pasaka unaikaribishia hewa ya nje yenye joto na unyevu.

Hoyt hakukuambia kwa sababu alidhani ana muda. Aliuona unyevu, na angepata mwaka mmoja zaidi angeushughulikia mwenyewe. Alichokipenda ni miguu yako, vidirisha vilikuwa kazi tu.

Sasa sikia. Mpigie Janeen leo, uanze na "nisamehe", usinianzie habari za mvua. Kisha mwiteni yule fundi. Maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta kwanza, maana ukiziba uvungu wenye maji umeyafungia ndani. Pamba ya kioo iliyolowa chini ya sakafu itolewe yote, maboriti yaliyooza yabadilishwe, ardhi ifunikwe nailoni nzito mpaka juu ukutani, vidirisha vizibwe, kuta za msingi zibandikwe vibao vya povu gumu vya kuzuia joto, na mashine ya kukausha hewa iwashwe. Boriti la chaki asiliguse, na akibisha mwambie ni mimi niliyesema.

Pasaka ijayo pumzisha magoti. Atambae Janeen, apapase mbao, na mkono wake ukirudi mkavu achukue chaki, aandike mwaka chini ya miaka ya baba yake, na kando yake: pakavu.